Hadhi ya mtaa ni hadhi ya nani?

Swali la msomaji: "Karibu na tunapoishi, kiwanja kimoja kimechukuliwa na kampuni ya migahawa yenye matawi kila kona ya nchi. Majirani wameandaa waraka wa kupinga, na umeshaletwa mlangoni kwangu mara mbili. Unasema mgahawa utaleta msongamano wa magari, takataka na harufu, na kwamba 'utashusha hadhi ya mtaa'. Mimi si mpenzi mkubwa wa vyakula vile, lakini watoto wangu wanavipenda na mara mojamoja tunakwenda. Nikisema hivyo naangaliwa kama mtu aliyekiri wizi. Je, upinzani huu una msingi au ni watu kujiona bora tu? Na je, nisaini?"

Jibu: Waraka huo una hoja nne, na tatu kati yake zinapimika. Magari yanahesabika, takataka zinaonekana kwa macho, na harufu ina mitambo yake ya kuivuta na kuichuja. Ya nne ndiyo iliyokukwama kooni, na nadhani unajua hivyo ndiyo maana umeiwekea alama za kunukuu. Wapinzani wa nchi nyingine hutumia maneno laini zaidi: sura ya mtaa, mandhari, utulivu. Kiswahili hakikuwaficha majirani zako. Ukisema hadhi umeshataja ngazi, na kwenye ngazi kuna aliye juu na aliye chini.

Nikujibu mapema ili usingoje: upinzani una msingi na watu wanajiona bora, yote mawili, na mara nyingi yamo ndani ya mtu yuleyule. Kazi ni kuyatenganisha, kwa sababu moja linastahili saini yako na lingine halistahili.

Kwa nini basi waraka unaanza na magari? Kwa sababu sheria imewafundisha hivyo. Katika nchi nyingi sheria ya mipango miji huuliza ardhi itatumikaje; haiulizi nani ataitumia. Simama mbele ya kamati useme hulipendi jina lililo kwenye bango, au hupendi aina ya wateja watakaoingia, na mwenyekiti atakushukuru kisha amwite anayefuata. Sema magari yatakata njia wanayopita watoto wa shule, na kalamu zitaanza kuandika. Kwa hiyo kinyongo cha kila aina, chenye haki na kisicho na haki, hupita mlango mmoja kikiwa kimevaa nguo moja: maegesho. Nimesoma barua za pingamizi nyingi kuliko ninazotaka kukumbuka, na nakuhakikishia hakuna jambo duniani linalowagusa watu kama maegesho, ukiwaamini.

Tazama Tecoma, kitongoji cha mashariki ya Melbourne, Australia, chini ya milima ya Dandenong. Mwaka 2011 McDonald's waliomba kibali cha kujenga hapo. Pingamizi zaidi ya 1,000 zikawasilishwa, na madiwani wakakataa. Mwaka 2012 baraza la rufaa la jimbo la Victoria likautengua uamuzi huo. Wingi wa pingamizi peke yake haukugeuka kuwa hoja ya mipango miji. Watu walikalia eneo la ujenzi, wakasafirisha sanamu za vibwengo wa bustani hadi makao makuu ya kampuni karibu na Chicago, na mgahawa ukafunguliwa 2014. Hampstead, mtaa wa wasomi na wenye pesa kaskazini mwa London, walipambana na kampuni hiyohiyo kwa zaidi ya miaka 10 kabla haijafungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikaa hadi 2013, ikafunga. Anayeishi kwenye mtaa wenye wanasheria wengi hununua muda, hata asiposhinda.

Kuna kikao kimoja cha kusikiliza maoni ambacho hakijanitoka. Wazungumzaji karibu wote walikuwa na karatasi zilizochapwa. Mzee mmoja alileta picha za makutano ya barabara alizopiga mwenyewe, saa imeandikwa nyuma ya kila picha. Walizungumza vizuri, kwa zamu, wakinukuu vifungu. Nyuma kabisa alisimama mama mmoja mwenye sare ya kazi, bila karatasi, akauliza swali moja: "Watafungua saa ngapi?" Alikuwa anatoka zamu alfajiri na hapakuwa na mahali pa kukaa akala akisubiri basi la kwanza. Mwenyekiti alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba hilo si suala la kikao cha leo. Akaketi. Katika kumbukumbu za kikao hakuna jina lake wala swali lake, kwa kuwa hakuwa akipinga wala kuunga mkono.

Sasa tuje kwenye ladha, maana ndipo penye shina. Tuna maneno mawili ambayo lugha nyingine hulazimika kuyabeba kwa moja. Ladha ni ya ulimi. Uteuzi ni wa mtu: anachochagua, anachokataa, na jinsi anavyotaka aonekane akichagua. Mteuzi haishi tamaa, walisema wahenga, lakini hawakutuambia kwamba uteuzi pia ni njia ya kujitenga na wengine. Hilo alilieleza kwa kirefu Pierre Bourdieu, mwanasosholojia wa Ufaransa, katika kitabu chake cha 1979 kilichotokana na hojaji za miaka ya 1960. Aliona kwamba watu wa kipato cha chini walipenda chakula cha kushibisha na meza isiyo na masharti, na wenye elimu na pesa walipenda kidogo, chepesi, kilichopangwa vizuri kwenye sahani. Wa kwanza hawakuchagua kwa uhuru kamili, kwani hali ilishawachagulia. Wa pili waliuita uwezo wao wa kusubiri na kuonja "ladha nzuri", kana kwamba walizaliwa nayo.

Lakini maelezo ya Bourdieu hayatoshi kuwaeleza majirani zako, na hapa ndipo wengi wanaopigia kelele "ubaguzi wa kitabaka" wanapokosea shabaha. Msomi wa leo haoni haya kula chakula cha maskini. Anajivunia. Atakaa kwenye kigoda cha plastiki kwenye kibanda cha mhamiaji asiyejua lugha ya nchi, apige picha, awasimulie wenzake kazini. Tangu miaka ya 1990 wanasosholojia wa Marekani, Richard Peterson akiwa mstari wa mbele, wameonyesha kwamba tabaka la juu liliacha kujitambulisha kwa kudharau vya chini likaanza kujitambulisha kwa kugusa kila kitu. Walianzia kwenye muziki. Kwenye chakula ikawa hivyohivyo. Bei rahisi si dhambi tena. Kinachokataliwa ni kile ambacho hakihitaji kujua. Kibanda cha pembeni unatakiwa uwe umeambiwa kipo wapi, uagize nini, uje saa ngapi. Mgahawa wa matawi hauna siri hata moja: chakula kimepigwa picha, bei imeandikwa ukutani, na aliyefika mara ya kwanza analingana na aliyefika mara ya mia. Mtu aliyejijengea heshima kwa kujua mahali pazuri hapati cha kujivunia hapo.

Na hicho hasa ndicho wengine wanachokipenda. Fikiria mtu anayeingia kwenye mgahawa mdogo wenye sifa: hakuna bei mlangoni, mhudumu anamtazama viatu, orodha ina maneno matatu asiyoyajua. Atatoka au atalipa zaidi ya uwezo wake kwa aibu. Kwenye tawi la kampuni kubwa anajua kabla hajaingia atatumia kiasi gani, watoto wakimwaga kinywaji hakuna atakayeguna, choo kipo, na akikaa na kikombe kimoja saa nzima huenda asifukuzwe. Huenda, nasema. Mwezi Januari 2014 huko Flushing, New York, wazee wenye asili ya Korea waliokuwa wakishinda kwenye McDonald's moja na kahawa moja waliitiwa polisi, kwani bango lilitaka mteja amalize kwa dakika 20. Wazee walikuwa wakiondoka, wakizunguka mtaa, wakirudi. Mwishowe yalifanyika mapatano: saa za wateja wengi wapishe meza, saa nyingine wakae. Ninachokiona katika kisa hicho, kuliko ukali wa meneja, ni kwamba katika mji mkubwa kama ule wazee waliona hapo ndipo sebule yao.

Tena uteuzi una tabia ya kugeuka. White Castle, kampuni ya hambaga, ilipoanza mwaka 1921 mjini Wichita, Marekani, nyama ya kusaga ilikuwa inatiliwa shaka, kwani nani ajuaye kilichosagwa? Ndiyo maana jengo likawa jeupe, wahudumu wakavaa nyeupe, na nyama ikasagwa mbele ya macho ya mteja. Kufanana kwa matawi ndiko kulikokuwa kivutio, kulikuwa dhamana ya usafi. Huko London nyumba za chai za Lyons, ya kwanza ikifunguliwa Piccadilly mwaka 1894, zilimpa karani na mwanamke asiyesindikizwa na mwanamume mahali pa kukaa bila kunyanyaswa. Leo Waingereza wanazikumbuka kwa simanzi kama urithi uliopotea. Zilikuwa matawi, zote sura moja. Na McDonald's kongwe zaidi iliyobaki, ya Downey, California, ya mwaka 1953, iliwekwa mwaka 1994 kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Marekani yaliyo hatarini, ikatetewa na wapenzi wa urithi hadi ikafunguliwa tena. Tuseme mtu wa mwaka 2070 akisaini waraka wa kuzuia kubomolewa kwa jengo ambalo majirani zako wanataka lisijengwe, mimi sitashangaa.

Usije ukadhani kila anayepinga tawi yuko juu ya ngazi. Mwaka 2011 kwenye mtaa wa Jamaica Plain, Boston, duka la vyakula la Hi-Lo lililohudumia Walatino kwa miongo kadhaa lilifungwa, na nafasi yake ikachukuliwa na Whole Foods, duka la matawi la wenye nacho. Waliopinga walisema tutafuata sisi kuondoka. Mwaka 2014 huko Portland, Oregon, jukwaa la viongozi Weusi lilipinga mpango wa Trader Joe's, duka jingine la vyakula lenye matawi, kwenye eneo ambalo Weusi walikuwa wakisukumwa nje na kodi za nyumba, na kampuni ikajitoa. Maneno yalifanana na ya Hampstead: mtaa wetu, sura yake, watu wake. Tofauti ni kwamba mmoja anaogopa wageni wataishusha bei ya nyumba yake, na mwingine anaogopa wataipandisha bei ya chumba alichopanga. Ukilinganisha waraka na waraka utaona ni ndugu. Ukilinganisha nani atahama baada ya miaka 5, utaona si ndugu hata kidogo.

Halafu kuna namna ya tatu, ya kuwakataza maskini kwa faida yao wenyewe. Mwaka 2008 baraza la jiji la Los Angeles lilizuia migahawa mipya ya vyakula vya haraka, ile inayosimama kwenye jengo lake peke yake, katika maeneo ya kusini mwa jiji yenye wakazi wengi wa kipato cha chini. Lengo lilikuwa afya. Watafiti wa taasisi ya RAND walipopima baadaye walikuta unene uliozidi umeendelea kuongezeka, hata katika eneo lililozuiwa. Migahawa midogo ndani ya majengo ya maduka iliendelea kufunguliwa, kwani sheria haikuigusa. Sitamlaumu diwani aliyekuwa anaona wagonjwa wa kisukari kila kona. Lakini angalia: kwenye mtaa tajiri watu walijizuilia wenyewe, na hapa wengi walizuiliwa.

Nimewabana majirani zako vya kutosha. Sasa niwatetee, kwa sababu zipo hoja ambazo hazina uhusiano na kudharau mtu. Kubwa kuliko zote ni kodi ya pango. Kampuni yenye matawi mengi inaweza kulipa pango la juu na kula hasara mwaka mzima kwenye tawi moja ili kushika eneo. Mwenye mgahawa mmoja hana pa kufidia. Mwenye jengo akishajua kiwango hicho kinalipika, atakidai kwa jirani pia. Ya pili ni pesa inayoondoka. Hapa lazima niweke tahadhari, kwani mengi ya matawi hayaendeshwi na kampuni yenyewe. Kiasi cha asilimia 95 ya migahawa ya McDonald's duniani iko mikononi mwa waliopewa leseni ya kutumia jina, na baadhi yao ni wakazi wa eneo hilohilo. Hata hivyo ada ya jina, na mara nyingi pango pia, hupanda juu kwa kampuni, na meneja wa tawi hana mamlaka ya kubadilisha hata rangi ya kiti.

San Francisco wamejaribu kulitazama hili bila kujidai linahusu maegesho. Tangu 2004 jiji hilo lina sheria inayolenga maduka na migahawa yenye matawi mengine 11 au zaidi pamoja na alama za kufanana, kama sare za wahudumu, bango, au mapambo ya ndani. Mwaka 2006 wapiga kura waliiongezea nguvu: kwenye mitaa ya biashara za jirani kila mwombaji wa namna hiyo apite kwenye kikao cha hadhara. Naipenda sheria hiyo kwa unyofu wake, ingawa ina kichekesho chake: mfanyabiashara wa hapohapo, kipenzi cha mtaa, akifanikiwa sana anavuka mstari na kuwa adui siku anapoomba tawi lake jipya.

Ipo pia hoja ya mahali. Oaxaca, Mexico, mwaka 2002, mchoraji Francisco Toledo aliongoza upinzani dhidi ya McDonald's kwenye uwanja mkuu wa kale wa jiji. Waligawa tamale, chakula cha unga wa mahindi kinachopikwa ndani ya majani, bure kwa yeyote aliyepita, tajiri na mchuuzi, na mamlaka za jiji zikakataa kibali. Sioni chembe ya dharau katika upinzani ule. Walitetea kiwanja cha wote kwa chakula cha wote. Linganisha na Roma mwaka 1986, McDonald's ilipofungua kwenye uwanja wa Piazza di Spagna. Huko nako Carlo Petrini, mwandishi wa Italia, na wenzake waligawa tambi, na kutokana na hasira ile harakati ya Slow Food, inayotetea vyakula vya asili dhidi ya vyakula vya haraka, ikapata umaarufu. Lakini mbunifu wa mavazi Valentino, ambaye jumba lake lilipakana na mgahawa, alikwenda mahakamani kulalamikia kelele na harufu ya mafuta ya kukaangia. Mgahawa ukabaki. Sisemi harufu ile ilikuwa ya kubuni. Ila najua kwamba mkate unaookwa alfajiri nao unanukia mtaa mzima, na sijawahi kuona barua ya kuulalamikia.

Ndiyo maana kipimo changu ni hiki. Chukua kila hoja kwenye waraka, ondoa jina la kampuni, weka badala yake mgahawa mmoja wenye sifa, wa mpishi anayependwa na watu haohao, kwenye kiwanja kilekile, wenye wateja idadi ileile. Hoja ikibaki imesimama, ni ya kweli. Magari yatabaki: gari la mteja wa mpishi maarufu linaziba njia sawasawa. Takataka zitabaki kwa sehemu, kwani karatasi za chakula cha kubeba ni nyingi zaidi kwa namna moja ya biashara. Harufu itabaki nusu. Hadhi itaanguka palepale, na ikianguka utakuwa umejua ilikuwa imeshikiliwa na nini.

Kuhusu saini: usisaini waraka kama ulivyo, na usiutupe. Mwombe anayeuleta afute sentensi ya hadhi na kuongeza masharti yanayotekelezeka: kusiwe na dirisha la kuhudumia magari, mlango wa magari uwe mbali na njia ya watoto wa shule, chujio la moshi likaguliwe kwa ratiba, kampuni iokote takataka kuzunguka eneo kila usiku, na mwanga wa bango upunguzwe baada ya saa fulani. Kamati nyingi zinaogopa kukataa moja kwa moja lakini hupenda masharti. Kama majirani wako tayari, saini kwa moyo mweupe. Wakikataa kufuta, andika barua yako mwenyewe yenye masharti hayohayo, uiwasilishe kabla ya siku ya mwisho iliyobandikwa kwenye tangazo la kiwanja. Waraka wa saini 200 mara nyingi huhesabiwa kama sauti moja. Barua ya mkazi mmoja yenye anwani na hoja zake huhesabiwa peke yake. Na mle ndani huna haja ya kueleza wala kuficha kwamba watoto wako wanapenda kula huko.